Visiwa Vitatu, Nyota Nne: Uhakiki wa Miongozo ya Safari ya Komoro

Makala hii inahakiki maandishi ambayo sisi wanafunzi wa Kiswahili hatujazoea kuyahakiki: mwongozo wa safari, na hasa ile sehemu yake iitwayo ratiba, ambamo msafiri asiyetaka wakala anaelezwa, siku kwa siku, namna ya kuizunguka nchi ya kigeni kwa mipango yake mwenyewe. Nchi ninayoishughulikia ni Komoro, visiwa vilivyoko kati ya kaskazini ya Msumbiji na Madagaska. Nimesoma miongozo kadhaa, mingi ya Kifaransa na michache ya Kiingereza. Wa Kiswahili sijaupata hata mmoja, ingawa lugha ya huko ni ndugu wa damu wa Kiswahili.

Sababu yangu ya kuisoma si ya darasani tu. Wenzangu watatu nami tumekuwa tukiweka akiba tangu mwaka wa kwanza ili twende Komoro kabla ya kuhitimu, na pesa ya mwanafunzi wa Bujumbura haivumilii safari ya kubahatisha. Mwongozo ukidanganya, sisi ndio tutakaolala bandarini.

Kuna watakaouliza kama ratiba ni kazi inayostahili kuhakikiwa. Naona ina karibu kila kitu tunachokitafuta katika riwaya. Ina mhusika mkuu, ambaye ni "wewe". Ina mandhari na mfuatano wa matukio. Ina vikwazo: mvua, boti iliyoahirishwa, mashine ya benki isiyotoa pesa. Ina mwisho mwema, uwanja wa ndege wa Hahaya, siku ya 14. Ina pia wahusika wadogo, na hapo ndipo ugomvi wangu nayo unapoanzia. Ratiba za Komoro humsawiri msafiri kuwa mtu huru kwa kuwaficha watu wanaombeba, kisha humhesabu msafiri huyo kuwa ni mtu yeyote, hali yeye ni mtu wa aina moja tu.

Nianze na jina lake. Kifaransa na Kiingereza humwita kwa sifa ileile inayotumika kwa nchi iliyopata uhuru. Nikiandika "msafiri huru", msomaji atauliza alikuwa amefungwa na nani. Nikiandika "msafiri wa kujitegemea", wasomaji wetu wa Tanzania watakumbuka Azimio la Arusha la 1967 na jembe, na huyu hana jembe, ana mkoba wa mgongoni. Mwishowe nimechagua "msafiri asiye na wakala". Tafsiri hiyo haina utamu, lakini haisemi uongo. Anachokosa ni wakala tu. Watu wengine wote bado anawategemea, pengine kuliko yule aliyelipia kila kitu kabla ya kutoka kwao.

Jambo hilo lilinidhihirikia nilipokuwa nikitafsiri ratiba mojawapo kwa ajili ya mwenzetu anayetoka Uganda, ambaye Kifaransa si lugha yake. Kifaransa kina kiwakilishi *on*, mtu ambaye si mtu. Kwa *on*, boti zinapatikana Chindini, bei inajadiliwa, samaki wanaliwa ufukweni, na hakuna anayeonekana akifanya lolote. Kiswahili nacho kina maficho yake, kauli ya kutendeka na ya kutendwa, na rasimu yangu ya kwanza ilijaa "hupatikana", "hujadiliwa" na "huliwa". Ilisomeka kama tangazo la mamlaka ya bandari. Nilipotaka kuandika jinsi mtu anavyomwelekeza mwenzake, ilibidi niwaweke watu: unamtafuta nahodha, unamwuliza kama bahari inaruhusu, anakujibu, unamsubiri hadi abiria watoshe, mnapatana. Viambishi vya watendwa, -m- na -ku-, vilirudi kila mahali, na kila kiliporudi alirudi mtu aliyekuwa amefutwa. Sentensi moja ya Kifaransa ilinizalia wahusika wanne: nahodha, msaidizi wake, aliyenionyesha nahodha ni yupi, na abiria wenzangu ambao bila wao boti haiondoki. Sisemi Kiswahili ni lugha adilifu kuliko Kifaransa. Nasema tafsiri ni kipimo kizuri cha ratiba, kwa kuwa inakulazimisha kujibu swali la nani anafanya nini.

Chindini ni kijiji cha kusini mwa Ngazidja, kisiwa kikubwa, na huko ndiko boti ndogo za kwenda Mwali huondokea. Hapo tunafikia udhaifu mkubwa zaidi wa ratiba hizi: bahari. Kwenye ramani zake, Ngazidja, Mwali na Nzwani vimeunganishwa kwa mistari iliyonyooka kama barabara. Siku ya 5 asubuhi unaamka Ngazidja, mchana unakula Mwali. Siku ya 9 uko Nzwani. Hakuna sentensi inayokiri kwamba mstari ule ni maji ya kina, na kwamba nahodha mwenye akili anaweza kukaa siku tatu akitazama upepo.

Kuhusu upepo wenyewe, miongozo inagawa mwaka mara mbili: majira ya mvua, takriban Novemba hadi Aprili, na majira ya ukavu, Mei hadi Oktoba, ambayo inayaita majira mazuri. Kwa mpanda mlima ni sawa. Lakini majira hayo mazuri ndiyo kusi, na kusi ni upepo kabla ya kuwa majira. Jua la Julai linalomfurahisha mpiga picha huja pamoja na upepo unaochafua bahari baina ya visiwa. Sisi tuliokulia kando ya ziwa Tanganyika hatuhitaji kufundishwa: kiangazi chetu pia ndicho chenye mawimbi. Kiswahili cha mabaharia kina neno la katikati ambalo sikulikuta katika mwongozo wowote, wala maelezo ya kipindi chenyewe. Neno hilo ni demani, kipindi ambacho kusi inalegea, kuanzia karibu mwisho wa Agosti hadi Novemba kashkazi inapokaribia. Mtu anayepanga safari ya visiwa kwa boti ndogo angeanza na neno hilo, ndipo atafute tiketi ya ndege. Ratiba ya siku 14 yenye visiwa vitatu na siku moja tu ya akiba si ratiba, ni dua.

Baadhi ya miongozo huukwepa ugumu huo kwa kuugeuza kuwa burudani. Kuvuka kwa boti ndogo kunasifiwa kuwa msisimko, hadithi ya kuwasimulia watu nyumbani. Kurasa chache mbele, chini ya kichwa cha historia au siasa, boti ya aina hiyohiyo inatajwa kwa sauti nyingine kabisa. Hapo inaitwa *kwassa-kwassa*, na wasomaji wetu wa Kongo watalitambua jina hilo mara moja: ni dansi iliyotoka kwao miaka ya 1980, na inasemekana boti zilipewa jina hilo kwa jinsi zinavyoyumba. Ndizo zinazovuka usiku kutoka Nzwani kwenda Mayotte, kiasi cha kilomita 70. Tangu Ufaransa ilipoanza kuwadai viza Wakomoro mwaka 1995, maelfu wamekufa katika mlango huo wa bahari. Katika sura ya ratiba, abiria wa boti ni shujaa wa kusisimka; katika sura ya siasa, ni tatizo. Hakuna mwandishi hata mmoja kati ya niliowasoma aliyeziweka sura hizo mbili uso kwa uso, ingawa zimeshonwa katika kitabu kimoja.

Ushahidi mkubwa zaidi uko kwenye jalada. Bendera ya Komoro ina mistari minne na nyota nne, kwa ajili ya visiwa vinne: Ngazidja, Nzwani, Mwali na Maore, ambacho ulimwengu unakijua kwa jina la Mayotte. Mwongozo unachapisha bendera ya nyota nne, kisha unaanza ratiba ya visiwa vitatu bila neno. Katika kura ya Desemba 1974, visiwa kwa jumla vilichagua uhuru kwa wingi mkubwa sana, lakini Mayotte peke yake ilikataa. Komoro ikajitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975. Ufaransa ikabaki na Mayotte, na mwaka 2011 ikaifanya mkoa wake kamili, ingawa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikwisha kusema kwamba kisiwa hicho ni sehemu ya Komoro. Kwa hiyo msafiri wetu anaitwa huru katika nchi ambayo uhuru wake ulitoka na kisiwa kimoja pungufu.

Kuna miongozo inayofanya kinyume, ikaiunganisha Mayotte katika mzunguko uleule kama kituo cha nne, penye miamba ya matumbawe na maduka yenye bidhaa za Ulaya. Hili linanikera zaidi kuliko ukimya. Kwa mwenye pasipoti ya Ufaransa mzunguko huo unawezekana: Komoro hutoa viza mgeni anapofika, na Mayotte anaingia kama anayerudi nyumbani. Kwa sisi wenye pasipoti ya Burundi kituo hicho cha nne kina mlango wenye kufuli. Kwa Mkomoro wa Mutsamudu mwenye shangazi yake Mamoudzou, mlango ni huohuo. Hapo "wewe" wa ratiba anafichuka. Kila mstari ulioandikwa kwa nafsi ya pili, panda, vuka, rudi, umeandikwa kwa mtu mwenye kijitabu cha rangi fulani mfukoni, na sisi wengine tunasoma barua ya mtu mwingine. Sitarajii mwandishi wa mwongozo aamue kesi iliyowashinda mabalozi. Ninachotaka ni sentensi moja inayosema mzunguko huu ni wa nani.

Yaliyobaki katika ratiba ni mchanganyiko wa mazuri na mabaya. Jina la "Visiwa vya Manukato" linatajwa kila mahali, kwa ajili ya mlangilangi, mti ambao Waswahili wanaujua vyema kwa harufu ya maua yake. Sawa, Komoro ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mafuta yake duniani. Ratiba hukupeleka Nzwani ukaone mtambo wa kukenekea, unuse, upige picha. Ni mmoja tu niliousoma uliosema kinachowaka chini ya mtambo: kuni, katika kisiwa ambacho milima yake inapoteza misitu na mito yake mingi inakauka. Manukato hayo yana moshi.

Kuhusu Ngazidja, miongozo yote inasisimka na Karthala, volkano hai yenye mita 2,361, na maelezo ya kupanda ni mazuri kwa kweli: anza mapema, chukua mtu wa kukuongoza, beba maji yako. Maji, hata hivyo, yanahitaji zaidi ya neno "beba". Ardhi ya Ngazidja ni ya mawe ya volkano yanayonyonya mvua yote. Kisiwa hakina mito ya kudumu, na watu wengi hutegemea matangi ya kukingia mvua. Karthala ilipolipuka mwaka 2005, majivu yake yaliharibu maji ya matangi hayo. Msafiri anayefika mwisho wa ukavu na kuoga mara mbili kwa siku katika nyumba ya wageni anakunywa mvua ya Aprili ya mwenyeji wake. Hilo ni jambo la kupangia, kama vile unavyopangia faranga. Na tukiwa hapo: kuhusu fedha miongozo inasaidia sana. Inaeleza kuwa faranga ya Komoro imefungwa kwa yuro, karibu 492 kwa yuro moja, na kwamba mtu aende na fedha taslimu. Sisi tuliozoea faranga isiyotulia tutaona ajabu.

Sura za mila ndizo dhaifu kuliko zote. Harusi kubwa ya Ngazidja, *anda*, ambayo mwanamume hujiandalia kwa miaka mingi ili apate kiti na sauti katika mji wake, inawekwa katika orodha ya vivutio baina ya kasa na popo. Julai na Agosti, Wakomoro wanaoishi Ufaransa hurudi kwa ajili ya harusi hizo. Ndege hujaa na nauli hupanda. Mwongozo unatoa mashauri mawili yanayogongana: epuka miezi hiyo kwa sababu ya bei, na usiikose kwa sababu ya ngoma. Hausemi kwamba harusi si onyesho la kununuliwa tiketi, kwamba mtu hualikwa, na akialikwa huja na chochote mkononi. Mtoto wa Buyenzi anajua hilo bila kitabu. Vivyo hivyo Ramadhani: ushauri ni kuikwepa kwa kuwa migahawa inafungwa mchana. Huo ni ushauri wa tumbo. Nchi karibu yote inakula pamoja jioni, na mwandishi anahesabu milango iliyofungwa saa sita mchana.

Haki ipewe mwenyewe: kuhusu Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote, baadhi ya miongozo imeandikwa kwa heshima. Hifadhi ya bahari ya huko iliundwa mwaka 2001 kwa makubaliano na vijiji vya pwani, na Itsamia, kijiji cha kasa, kinaelezwa kuwa mahali penye wenyewe: nani wa kumwona ukifika, kwa nini huwashi taa ufukweni usiku, ada inakwenda wapi. Ghafla *on* anatoweka na watu wanatokea. Kumbe inawezekana. Nadhani sababu ni kwamba wanakijiji wenyewe waliweka masharti, na mwandishi akalazimika kuyanukuu.

Nisiwaonee waandishi wa Ulaya peke yao. Sisi pia tuna mwongozo wetu wa mdomo, nao una kosa lake. Wenzangu wawili wanashikilia kwamba hatuhitaji maandalizi ya lugha, kwani Wakomoro "wanazungumza lahaja ya Kiswahili". Vitini vingi vya lahaja tunavyosomea vinaipa Komoro mistari mitatu na kuendelea na Kimvita. Shikomori ni lugha yenye lahaja zake nne, moja kwa kila kisiwa, Maore ikiwemo. Pamoja na Kiswahili, Kipokomo na Kimijikenda imo katika kundi la Sabaki, lakini ndugu si mtoto. Neno moja linatosha kuonyesha. "Marahaba" huko ni asante. Kijana wa Moroni akipewa maji na bibi yake humjibu "marahaba", neno ambalo kwetu ni la mkubwa anayepokea shikamoo. Atakayetua Hahaya akidhani yuko Zanzibar yenye milima atawakosea wenyeji kila anapojiona mwenyeji. Uhusiano wa kweli upo, na una majina: Sheikh Ahmad bin Sumayt, kadhi mashuhuri wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1925, alizaliwa Itsandra, Ngazidja, mwaka 1861. Ni ujirani wa kwenda na kurudi, ambao hauhitaji upande mmoja uitwe tawi la mwingine.

Kutokana na usomaji huu ratiba yetu imebadilika. Julai imefutwa, tunakwenda Oktoba, katika demani. Visiwa vitatu kwa siku 14 vimepunguzwa kuwa viwili kwa hakika, Ngazidja na Mwali, na siku za akiba zimekuwa tatu, zote zimewekwa upande wa Mwali, kwa kuwa ni afadhali upepo ukuzuie Mwali kuliko ukuzuie njiani. Safu ya "kivutio" katika jedwali tumeiondoa, badala yake kuna safu ya "nani wa kumwona". Somo la Shikomori linaanza wiki ijayo, kwa msaada wa mwanafunzi Mkomoro aliyeko Dar es Salaam ambaye hututumia sauti kwa simu.

Kilichobaki ni Nzwani. Mwenzetu wa Uganda anataka iondolewe kabisa ili siku za akiba ziwe tano. Mimi nataka ibaki, hata kwa siku mbili, kwa ajili ya Domoni, mji mkongwe wa pwani ya mashariki uliozungukwa na ukuta, kwa sababu pwani hiyo ndiyo inayoelekea Mayotte, na sitaki nirudi niandike juu ya nyota nne bila kusimama mahali ambapo ya nne inatazamwa. Yeye anasema hiyo ni sababu ya mwandishi, si ya msafiri, na tunaotoa nauli ni wanne. Siku ya 10 katika daftari letu bado iko tupu.